Brutus Anataka Nini? Isome Tamthiliya kwa Safu Tatu

Karibuni. Lile nyuma yangu ni Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza, na upepo wa ziwa asubuhi hii ni mkali, kwa hiyo naongea karibu na maiki. Mkononi nina Julius Caesar ya Shakespeare, tamthiliya ya njama ya kumuua Caesar, mtawala wa Roma, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza 1963, naye akairekebisha 1969. Wewe tumia nakala yoyote, ila uwe na daftari na kalamu.

Kwanza, chora safu tatu. Ya kushoto: mhusika anasema nini mbele ya watu. Ya kati: anasema nini akiwa peke yake. Ya kulia: anafanya nini.

Safu ya kati ndiyo ya kuhangaikia. Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, umsikilize mama anayeuza dagaa. Mteja anaambiwa, "Kwa bei hiyo sipati hata nauli." Mteja akiondoka, muuzaji mwenzake wa meza ya pili anaambiwa jingine kabisa. Shakespeare anatupa nafasi ya kukaa ile meza ya pili.

Sasa fungua tendo la 2, onyesho la 1. Usiku, Brutus, kiongozi wa Roma na rafiki wa Caesar, yuko bustanini. Simamisha video, usome taratibu, halafu urudi.

Umeona? Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Caesar. Anakiri pia kwamba hajawahi kumwona Caesar akiacha hisia zitawale akili yake. Hata hivyo anataka auawe, kama yai la nyoka linalovunjwa kabla halijaanguliwa. Ushahidi wake wote ni wa kesho, ni "huenda". Andika hapo: anaogopa jambo ambalo bado halijatokea. Mimi hapo humwonea huruma sana.

Mlinganishe na Cassius, anayemvuta Brutus kwenye njama, mwisho wa tendo la 1, onyesho la 2. Akibaki peke yake anapanga kutupa barua dirishani kwa Brutus, kwa miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa wananchi wengi. Hilo Brutus halijui.

Pili, msuko, yaani jinsi tukio moja linavyozaa jingine. Uvute kinyumenyume, kama unavyovuta wavu kutoka majini. Anza tendo la 3, onyesho la 3: umati unamshambulia mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji wa Caesar. Nani aliuwasha umati? Antony, rafiki wa Caesar, kwa hotuba ya mazishi yake. Nani alimruhusu ahutubie? Brutus, huku Cassius akimkataza. Tena aliwaomba watu wabaki wamsikilize, yeye akaondoka peke yake! Na nani alikataa Antony auawe pamoja na Caesar? Brutus huyohuyo, kule bustanini, kwa kuwa alitaka mauaji yaonekane kama sadaka, si uchinjaji.

Rudi kwenye safu zako uzungushie duara hayo maamuzi mawili. Yote yametoka kwenye nia ileile njema, na ndiyo yanayomwangusha. Wanafunzi wengi huandika kwamba kisa kinaishia Caesar anapochomwa visu. Hapana, hapo ndipo katikati.

Zoezi lako ni Portia, mke wa Brutus. Anamwonyesha mumewe jeraha alilojitia mwenyewe pajani. Mjazie safu zake. Ya kati itakusumbua, maana jukwaani hakai peke yake hata mara moja. Tafuta yale maneno anayojisemea pembeni tendo la 2, onyesho la 4, mtumishi Lucius akiwa karibu, uniandikie hapo chini umeona nini.