Jinsi ya Kuandaa Gulio la Ndege za Rimoti (na Ubaki na Vidole Vyako Vyote)

Haya wadau, habari za asubuhi. Sauti inasikika? Dogo, inasikika? Kunguru anasikika kuliko mimi. Sawa, ndiyo Dar hiyo.

Leo nawaonyesha klabu yetu inavyoandaa gulio la ndege za rimoti. Yaani unaleta ulichokichoka, unaondoka na alichokichoka mwenzako. Mimi mwenyewe nauza propela na vipima betri, meza ile ya kwanza pale, kwa hiyo msishangae nikivitaja taja. Nitavitaja.

Kwanza tarehe. Machi, Aprili na Mei sahau, masika yatawamwagia. Katikati ya mwezi nayo sahau, mifuko imekauka, watu watakuja kupiga picha tu. Subiri mshahara uingie. Siku gani? Jumapili watu wako kanisani, Jumamosi Wasabato wako kanisani, tukapiga kura, Jumamosi ikashinda kwa kura mbili. Wauzaji wanaingia saa moja asubuhi, geti linafunguliwa saa tatu, saa saba mchana tunafunga. Msivute mpaka jioni. Jua la hapa ndege ya foamu haliliwezi, bawa linatoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji.

Meza, viti, turubai: mmeshaandaa harusi na misiba, mnajua pa kukodi. Twende.

Kadi za bei. Kila kitu kiwe na kadi, na kadi ina mistari mitatu: ni nini, bei gani, na unabadilishana na nini. Huo mstari wa tatu watu wanauruka halafu wanalalamika gulio limepooza. Angalia hii: "Mota na spidi kontrola yake, elfu sitini, au naleta chaja." Spidi kontrola ni kile kifaa kinachoamua mota izunguke kwa kasi gani. Mwenye chaja akipita hapa haulizi, anakaa kabisa. Halafu bandika stika. Kijani, kimepimwa kinafanya kazi. Njano, hakijapimwa. Nyekundu, cha vipuri. Mtu akibandika kijani kwenye kitu kibovu, gulio lijalo meza yake inakuwa karibu na choo. Hatuna adhabu nyingine na haijawahi kuhitajika.

Na kadi zifungwe kwa selotepu. Tuko Mbezi hapa, ikifika saa nne upepo wa bahari... ona, ona ile inavyokwenda! Dogo, acha kamera, ikimbilie!

Haya. Imepatikana. Ilikuwa ya mzee mmoja, shikamoo mzee, selotepu iko pale.

Betri. Hapa nitatulia kidogo. Betri za lipo, yaani hizi za lithiamu, zije zimechajiwa nusu, volti 3.8 kwa kila seli. Ya seli tatu isome kama 11.4. Ikiwa imejaa inasoma 12.6, na hatutaki betri iliyojaa ilale juu ya meza kwa muda wa saa nne kwenye joto hili. Usipime jumla peke yake. Jumla inadanganya: seli mbili nzima zinaibeba moja mgonjwa, wewe unaona namba nzuri unafurahi. Chomeka kipimo kwenye ile plagi ndogo nyeupe, usome seli moja moja. Iliyoshuka chini ya 3.0, mpe pole mwenyewe, lakini usinunue. Iliyovimba haivuki geti hata kama mwenye nayo ni mwenyekiti. Na hii ndoo ya mchanga si pambo, ni ya betri ikiwaka moto, watoto msichezee. Kipimo chenyewe ndiyo hiki, nakiuza, nilishasema nitavitaja.

Sasa meza ya kupimia. Bila meza hii hamna gulio, kuna watu wanaodanganyana kivulini. Iwe pembeni, mbali na chakula na watoto. Weka kipima sevo (sevo ni vile vimota vidogo vinavyosogeza vibawa vya kuongozea ndege), voltimita, betri moja ya klabu ya seli tatu, na plagi za kuunganishia za aina mbili tatu. Mtu mmoja tu ndiye anayechomeka, leo ni mimi. Na kabla ya kuchomeka chochote, propela inatoka. Narudia. Propela inatoka.

Mnaona hili kovu la kidole gumba? Dogo, vuta karibu. Gulio letu la pili. Imeletwa ndege nzuri, ina propela ya inchi 10, mwenyewe hayupo, nikasema ngoja nipime haraka haraka. Sasa mimi ni mjuaji, najua spidi kontrola nyingi hazikubali kuwaka kama kijiti cha gesi cha kwenye rimoti kiko juu. Nikajiona salama. Nikachomeka betri, ikalia pi-pi-pi, kimya. Nikainama kusoma kadi ya bei. Kumbe mwenye ndege yuko meza ya tano na rimoti yake mkononi, imewashwa, anamwonyesha mteja vijiti vilivyo laini. Rimoti bado imeunganishwa na ile ndege! Nilipochomeka kijiti kilikuwa chini, kwa hiyo spidi kontrola ikakubali. Halafu jamaa akakipandisha. "Ona, laini kabisa." Nyuzi nne.

Kwa hiyo propela zinatolewa getini. Sio mezani, getini. Tunazifunga kwa raba kwenye mwili wa ndege ili zisipotee. Na rimoti zote zinazimwa. Anayetaka kuonyesha rimoti anakuja nayo hapa, mbele yangu.

Tuendelee na suala la... subiri. Dogo rudisha kamera kushoto. Meza ya tatu. Ile ya njano ina propela? Ina propela. Na betri iko ndani. Nakata kidogo, wadau, samahani.

...

Nimerudi. Amepita geti la nyuma, hakujua. Nimeitoa kwa mkono wangu. Mnaona sasa kwa nini nawachosha? Weka mtu na geti la nyuma pia. Hili hata mimi nimejifunza leo, sasa hivi.

Rimoti. Iuzwe na risiva yake, kile kipokezi cha ndani ya ndege, basi. Risiva ya kampuni ya Spektrum haiisikii rimoti ya kampuni ya FlySky hata uibembeleze, ingawa zote ni za gigahezi 2.4. Zile za zamani zenye antena ndefu, za megahezi 35 za Uingereza au 72 za Marekani, bandika nyekundu, watoto wanafungua wanajifunzia.

Injini za methanoli: zungusha shafti taratibu kwa kidole, isikilize inavyokataa kukandamizwa halafu inaachia. Ikizunguka kama feni, hamna kitu humo. Ikiwa ngumu kabisa usikimbie, mara nyingi ni mafuta ya nyonyo yameganda ndani, ipashe joto kidogo italegea. Mimi hizi nazipenda kuliko za umeme, harufu yake tu. Vijana wananicheka. Lakini angalia beringi, chumvi ya bahari inazila.

Bawa la balsa, ule mti mwepesi: shika ndege kwa mkia, fumba jicho moja, tazama ukingo wa bawa. Likiwa limejikunja, unyevunyevu umeshafanya kazi yake.

Sasa kufungua. Nusu saa ya kwanza ni mali kwa mali tu, hela haitoki mfukoni. Nilipopendekeza hili walinizomea. Sababu ni kwamba hela ikianza, wenye hela wanazoa vizuri vyote dakika kumi, na kijana aliyekuja na sevo tano za gramu 9 anarudi nazo. Hela pekee inayoruhusiwa hapo ni ya kuongezea kidogo juu, mwisho elfu kumi. Baada ya hapo kengele inalia, mnanunua mtakavyo. Njooni na noti ndogo, mtandao ukigoma lipa namba haisaidii. Na mama lishe awepo kuanzia saa moja, chapati na chai ya tangawizi. Mwaka ule hatukumwita, saa tano watu wote walikuwa wameshaondoka kutafuta chai.

Mtu akiomba kurusha, jibu ni hapana. Kurusha kuna vibali vyake vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na siku yake. Leo tunauza.

Saa sita na nusu linatoka sanduku la buku. Mabaki yote, sevo zenye meno yaliyovunjika, magurudumu, waya, kila kitu buku, na watoto ndio wanaotangulia. Wakubwa nyuma ya kamba. Wewe mwenye kofia, nyuma ya kamba, kaka.

Dogo anasema simu imebaki asilimia tatu. Kwa anayetaka propela za inchi 8 na 10, nipo meza ya kwanza mpaka saa sa—