Riwaya Nne na Kalenda ya Mirihi

Mhadhara uliotolewa mjini Malindi mbele ya walimu na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili

Bwana Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na wapenzi wote wa Kiswahili mliohudhuria,

Nimeombwa nieleze nilipofika katika kuandika mfululizo wa riwaya nne za kubuni za kisayansi, ambazo mandhari yake ni kijiji cha Ngomeni, katika pwani ya Kenya, na sayari ya Mirihi katika karne ya 22. Jibu fupi ni kwamba rasimu ya kitabu cha kwanza imekamilika na iko mikononi mwa mhariri, cha pili kimefika katikati, cha tatu ni muhtasari, bunda la madondoo na sura tatu za mwanzo, na cha nne kina sura moja tu, nayo ni ya mwisho, niliyoiandika kabla ya sentensi yoyote ya kitabu cha kwanza. Jibu refu linahitaji muda zaidi, kwa sababu linahusu namna msuko wa riwaya hizi ulivyopatikana. Dai langu ni kwamba katika riwaya ya safari za sayari, kalenda ndiyo inayosuka visa, na mwandishi anayeiheshimu hupunguziwa nusu ya kazi ya kubuni.

Niruhusuni nianze na mahali. Wengi wenu mmeyaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, yale ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka pale ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Orodha ya vyanzo vya miale iliyotokana na kazi yake ilifikia 339, na mojawapo ya vyanzo ilivyovichunguza, Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wanaanga wengi wakubali kwamba mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye uvutano mkali usioachia hata mwanga, yapo kweli. Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi inayokaribia kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bila kuichomea mafuta. Tena upande huo wa mashariki ni bahari tupu, hata kikianguka kipande hakimwangukii mtu. Kwa hiyo anayeniuliza kwa nini nimeiweka bandari ya Mirihi katika kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi, humjibu kwamba sikuiweka mimi, bali ikweta.

Sasa nije kwenye kalenda. Dunia na Mirihi huzunguka jua kwa mwendo tofauti, na nafasi nzuri ya kuondoka huku kwenda kule hujitokeza mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Safari isiyofuja mafuta huchukua kati ya miezi saba na tisa, na msafiri akishafika hawezi kugeuza chombo atakapo: hana budi kungoja zaidi ya mwaka mmoja mpaka sayari mbili hizi zikae tena mahali panapofaa. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maisha ya namna hiyo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na kati ya pepo hizo mbili mabaharia na wafanyabiashara walikaa Lamu, Mombasa na Unguja wakisubiri. Waliuza, wakakopa, wakagombana, wakaoa, wakazaa. Sehemu kubwa ya ustaarabu wetu ilitokana na watu waliokuwa wakingoja upepo. Nilipouona ulingano huo niliacha kubuni vita vya sayari na maharamia wa angani, maana mambo ya kusimulia yalikuwa tayari: nani anabaki, nani anawahi msimu, nani ana mke kule na mke huku, na deni lililokopwa kwa ahadi ya kulipwa msimu ujao linarithiwa na nani mkopaji akifa katikati.

Jambo hili liliamua hata umbo la vitabu. Kila kitabu kinashika msimu mmoja. Cha kwanza ni maandalizi na kuondoka, cha pili ni kungoja huko Mirihi, cha tatu ni msimu unaokosekana kwa sababu za kisiasa, na cha nne ni kurejea. Ukutani kwangu nimebandika jedwali la misimu yote inayohusika, na chini ya kila msimu nimeandika umri wa kila mhusika, kwa kuwa mtu anayekosa vyombo viwili mfululizo amezeeka zaidi ya miaka minne, na msomaji makini atahesabu. Halafu misimu yenyewe haifanani. Njia ya Mirihi si duara kamili, kwa hiyo kila baada ya miaka 15 au 17 sayari hiyo hutukaribia kuliko kawaida, kama ilivyokuwa mwaka 2003 na 2018, na kama itakavyokuwa tena mwaka 2035. Nimeipa mizunguko hiyo nafasi yake katika uchumi wa riwaya: mwaka wa ukaribu mizigo hushuka bei na wachuuzi wadogo hupata nafasi chomboni, na mwaka wa umbali wenye mitaji mikubwa peke yao ndio husafiri. Sikuhitaji dhalimu wa kubuni. Mbingu zenyewe hutenga matajiri na maskini kwa zamu.

Ugumu mkubwa wa kitabu cha pili umekuwa mazungumzo. Ujumbe kutoka Mirihi hadi hapa huchukua kati ya dakika tatu na dakika 22 kwenda tu, kutegemea umbali wa wakati huo, kwa hiyo mama aliye Ngomeni na binti aliye kule hawawezi kukatizana, kunong'onezana wala kujibizana kwa hasira ya papo hapo. Riwaya ya kisasa hutegemea sana majibizano ya haraka, na hayo yakiondoka mwandishi hubaki mikono mitupu. Nilipata njia katika fasihi yetu wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walishindana kwa mashairi yaliyovuka bahari, kila upande ukilipokea la mwenzake, ukalipima, ukalijibu kwa tungo iliyokwisha kufikiriwa. Ucheleweshaji uliwapa makali ambayo mazungumzo ya barazani hayana. Nimewafanya mama na binti waandikiane hivyo, kwa nathari, lakini kwa nidhamu ile ile ya kupokea neno la mwisho la mwenzako na kuanza nalo. Ndizo kurasa ambazo zimeniendea polepole kuliko zote, na ndizo ninazozithamini zaidi.

Kuna sura moja ambayo mhariri angependa niipunguze nami nimekataa. Inahusu mwandamo wa mwezi. Mwaka 2007, Malaysia ilipojiandaa kumpeleka mwanaanga wake katika kituo cha kimataifa cha angani, wanazuoni wa nchi hiyo walitoa mwongozo wa ibada, na humo wakaeleza kwamba nyakati za sala zifuate mahali chombo kiliporushiwa. Kwa wasafiri wangu, hiyo maana yake ni Ngomeni. Lakini siku ya Mirihi ina saa 24 na kama dakika 40, na anayeishika saa ya Ngomeni kwa karibu wiki tatu hujikuta akisali adhuhuri usiku wa manane. Mwezi je? Mirihi ina miezi miwili midogo, na mmoja wao, Phobos, hukamilisha mzunguko wake kwa muda usiofika saa nane, hivi kwamba huchomoza magharibi na kuzama mashariki. Mwezi wetu nao ukitazamwa kutoka kule ni nukta kando ya nukta. Basi Ramadhani itaanza kwa taarifa kutoka duniani, na taarifa zitakuwa mbili au tatu, maana huku duniani kwenyewe hatujawahi kuafikiana. Mhariri anaona mjadala huo unachelewesha kisa. Mimi naona ndicho kisa chenyewe, kwani jamii ya wangojaji hugombania saa na kalenda kwa ukali kuliko inavyogombania ardhi, na kila kundi litakaloshinda ndilo litakaloamua siku ya kufunga maduka na siku ya kulipana.

Yuko mwandishi aliyetangulia katika njia hii ambaye sina budi kumtaja. Katama Mkangi, mwana wa pwani hii hii, alichapisha riwaya ya *Walenisi* mwaka 1995, na humo akamrusha mhusika wake kwenye ulimwengu mwingine ili amwonyeshe jamii iliyopangwa kwa haki. Chombo chake hakikuhitaji hesabu za njia wala za mafuta, kwa kuwa kilibeba hoja. Riwaya zangu zinabeba hoja pia, ila nimetaka hoja itoke katika hesabu.

Hilo linanifikisha kwenye kitabu cha tatu, ambacho kimesimama, na nataka mjue kimesimamia wapi. Uvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya huu wetu. Wanaanga wanaoishi katika kituo cha angani, bila uzito kabisa, hupoteza takriban asilimia moja ya uimara wa mifupa ya nyonga kila mwezi, licha ya mazoezi ya kila siku. Wala hakuna binadamu aliyewahi kukulia katika uvutano mdogo. Binti wa kitabu cha nne, ambaye si yule wa kitabu cha pili, amezaliwa kule, naye ndiye anayerejea Ngomeni katika ile sura ya mwisho niliyokwisha kuiandika. Ili asimame ufukweni, lazima awe amelelewa kwa saa kadhaa kila siku ndani ya chumba kinachozungushwa kwa kasi ili kuiga uzito wa dunia. Chumba cha aina hiyo ni ghali na nafasi zake ni chache. Nani anazigawa? Watoto wa waliofika mwanzo, watoto wa wenye mitaji, au kwa kura? Wazazi ambao watoto wao wamekosa nafasi wanajua kwamba wamekatiwa njia ya kurudi milele, na ndipo msimu wa kitabu cha tatu unapovunjika, kwa kuwa hao ndio mafundi wanaozuia vyombo visiondoke.

Nimejaribu mgao wa kura, nikaona unawafanya wote wasio na hatia. Nimejaribu mgao wa fedha, ukawafanya mafundi kuwa watakatifu mno. Kwa sasa ninaandika mgao wa baraza la wazee, ambao ni wa haki kwa maandishi na wa kujuana kwa vitendo, na mama wa binti huyo yumo barazani. Sura tatu za mwanzo za mgao huo ziko tayari, na mwenyekiti ameniruhusu nisome ya pili kabla ya maswali yenu.