Ripoti ya Tovuti: Namba Isisafiri Peke Yake

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia kitufe kimoja tu, kile cha kupakua ripoti ya wageni wa tovuti. Kila mfumo wa takwimu unacho. Mwisho wa mwezi watu wanakibonyeza, faili inashuka, inaambatishwa kwenye baruapepe, basi. Mwenzangu Mwinyi anaona hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

MWINYI: Ndiyo, dada. Namba ikiwa bado ndani ya mfumo imezungukwa na maelezo yake. Unaona tarehe, unaona kama kuna kichujio, ukiuliza neno lina maana gani utapata jibu. Ukishaipakua, vyote hivyo vinabaki nyuma. Anayeipokea anaona 4,200 tu. Ni watu 4,200? Ni ziara 4,200? Roboti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe, zimeondolewa au zimo? Hajui, na hatauliza.

ZUHURA: Lakini kwenye Google Analytics, mfumo wa Google wa kuhesabu wageni wa tovuti, ukipakua CSV, yaani faili ya jedwali ya maandishi matupu, juu yake kuna mistari inayoanza na alama ya reli (#). Imeandikwa jina la ripoti, tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

MWINYI: Hiyo mistari ndiyo ya kwanza kufutwa! Kwa sababu inavuruga jedwali. Mtu anataka safu zianze mstari wa kwanza, kwa hiyo anafuta, anahifadhi, anatuma. Mimi nawaambia watu waihamishie kwenye karatasi ya pili ndani ya faili hiyohiyo. Waongeze na saa za eneo zilizotumika, vichujio vilivyowekwa, na siku faili ilipopakuliwa. Data za siku mbili za mwisho huwa bado zinachakatwa, ukipakua leo na ukipakua wiki ijayo unaweza kukuta tofauti.

ZUHURA: Haya, sasa twende kwenye kosa ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Kujumlisha watumiaji.

MWINYI: Tulieleze taratibu.

ZUHURA: Chukua msomaji mmoja. Kaja Jumatatu, karudi Jumatano, karudi tena Ijumaa. Ripoti ya kila siku itamhesabu mara moja katika kila siku, na iko sahihi. Ripoti ya wiki itamhesabu mara moja, nayo iko sahihi. Sasa wewe umepakua ripoti ya siku kwa siku, ukaiweka Excel, ukajumlisha ile safu ya watumiaji. Msomaji mmoja amekuwa watatu.

MWINYI: Na hesabu ya Excel haina kosa lolote. Kosa ni kudhani safu ile inajumlishika.

ZUHURA: Ndiyo. Kurasa zilizotazamwa unajumlisha bila wasiwasi. Watumiaji hapana. Ukitaka watumiaji wa mwezi, rudi kwenye mfumo, chagua mwezi mzima, omba namba hiyo moja. Hakuna fomula itakayoitoa kwenye namba za siku, kwa sababu habari ya nani ni yuleyule haimo kwenye faili.

MWINYI: Na hilohilo lipo kwa simu na kompyuta. Mtu aliyeingia kwa vifaa vyote viwili anaweza kuonekana kwenye mistari yote miwili. Ndiyo maana jumla iliyo chini ya jedwali la mfumo wakati mwingine ni ndogo kuliko ukijumlisha mistari mwenyewe. Watu wanaona hivyo wanadhani mfumo umekosea hesabu.

ZUHURA: Wastani nao una shida kama hiyo. Ukurasa mmoja una ziara 1,000, nusu yake wasomaji walikaa na kusoma. Ukurasa mwingine una ziara 10, wote walikaa. Ukichukua asilimia 50 na asilimia 100 ukagawa kwa mbili unapata 75. Ukweli ni 510 kati ya 1,010, yaani kama asilimia 50 na nusu. Kwa hiyo ukiandaa ripoti yako, pakua hesabu zenyewe, usipakue asilimia peke yake. Asilimia utaitengeneza mwishoni.

MWINYI: Hilo la “walikaa na kusoma” nalo tusiliache lipite. Katika Google Analytics ya sasa, GA4, ziara inahesabiwa kuwa mtu alijishughulisha ikiwa ilidumu zaidi ya sekunde 10, au alitazama kurasa mbili au zaidi, au alifanya tendo uliloliwekea alama kuwa muhimu. Kiwango cha kuondoka (bounce rate) ni asilimia ya zile ziara zilizobaki. Mfumo wa zamani, Universal Analytics, ulikuwa na kiwango chenye jina hilohilo, lakini ulipima kitu kingine: ziara ya ukurasa mmoja isiyo na tendo jingine lililorekodiwa.

ZUHURA: Kwa hiyo aliyesoma makala moja kwa dakika tano...

MWINYI: Zamani alihesabiwa kaondoka. Leo anahesabiwa kajishughulisha. Jina la safu halijabadilika. Ukiunganisha faili ya mwaka 2022 na ya mwaka 2024 kwenye grafu moja, utaona tovuti imepata maendeleo makubwa ambayo hayakutokea.

ZUHURA: Na waliobaki na faili za 2022 wana bahati. Universal Analytics iliacha kupokea data za kawaida tarehe 1 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, mlango ukafungwa. Ambaye hakupakua historia yake, haipo tena. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kuna tovuti zilikuwa na kumbukumbu za zaidi ya miaka kumi.

MWINYI: Ndiyo maana nasema kupakua kusiwe kwa ajili ya bosi tu. Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyopatikana kwenye utafutaji, inaweka data za miezi 16, na jedwali lake unalopakua linaishia mistari 1,000. GA4 ya bure, kwenye uchambuzi wa kina (Explorations), data za watumiaji zinakaa miezi 2 usipobadilisha mpangilio, au 14 ukibadilisha. Nenda kabadilishe leo. Ukiweza, unganisha na BigQuery, ghala la data la Google: GA4 ya bure inaruhusu kutuma hadi matukio milioni 1 kwa siku. Ila kumbuka, inaanza siku uliyounganisha. Ya nyuma haiyaleti.

ZUHURA: Na humo nyakati zimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, si kwa saa za tovuti yako. Ripoti ya “saa gani watu wanasoma” inaweza kuhama saa kadhaa usipogeuza.

MWINYI: Kweli kabisa.

ZUHURA: Tuje kwenye kuirekebisha ripoti ifae anayeisoma. Hapa tunatofautiana kidogo. Mwinyi anapenda kila kitu kiwemo.

MWINYI: Kwenye faili ya kumbukumbu, ndiyo. Huwezi kujua kesho utaulizwa nini.

ZUHURA: Kwenye kumbukumbu nakubali. Lakini ripoti ya kusomwa na mwandishi, au na anayeuza, au na mkurugenzi, mimi kwa kila safu nauliza: namba hii ikishuka nusu, msomaji huyu atafanya nini? Kama hana la kufanya, naitoa. Mwandishi hahitaji kujua vivinjari. Fundi wa tovuti anahitaji sana.

MWINYI: Na muundo?

ZUHURA: PDF kwa wa kusoma, CSV kwa wa kuhesabu. Ukimpa mchambuzi PDF umemwadhibu, atakaa kunakili namba kwa mkono.

MWINYI: CSV yenyewe ina mitego. Usiifungue kwa kubonyeza mara mbili. Iingize kwa njia ya kuleta data, useme herufi zake zimehifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, la sivyo majina yenye herufi kama é yanaharibika. Na kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kijerumani au Kifaransa inatarajia mkato penye desimali, si nukta. Tarehe pia: andika 2024-04-03. Ukiandika 03/04, mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi.

ZUHURA: Kabla ya hapo usafi wa majina. utm_source, alama unayoweka kwenye kiungo kuonyesha mgeni katoka wapi, yenye “Email” kwa herufi kubwa na “email” kwa ndogo ni mistari miwili. Ukurasa mmoja uliofunguliwa kutoka Facebook unaweza kubeba mkia wa fbclid, namba ya mbofyo ambayo Facebook huiongeza kwenye anwani, na anwani ikipakuliwa pamoja na mkia huo, kila mbofyo unakuwa mstari wake. Ukurasa wako unaosomwa kuliko yote unaonekana hausomwi.

MWINYI: Na ukiwa hapo kwenye anwani, tafuta alama ya @. Fomu zilizotengenezwa vibaya huwa zinaacha baruapepe ya mtu ndani ya anwani ya ukurasa. Ukituma ripoti hiyo kwa watu kumi, umesambaza taarifa za mtu ambaye hakukuruhusu. Futa kwenye faili, kisha mwambie fundi arekebishe fomu yenyewe.

ZUHURA: Kipindi kijacho tutafungua kumbukumbu za seva moja kwa moja, kwa GoAccess, programu ya kuzichambua, tuone zinavyotofautiana na namba za Analytics kwa siku ileile.

MWINYI: Andaeni faili zenu za wiki moja. Zimeandikwa kwa saa za eneo gani, angalieni kwanza hilo.