Fedha za Wakfu Michigan na Mlango wa Vijana

Wazee wangu, akina mama, nanyi vijana mliojibana kule nyuma, shikamooni na hamjambo. Nimeombwa nieleze habari ya ruzuku za wakfu binafsi hapa Michigan, yaani mali ambayo tajiri au familia imeitenga itoe misaada, kwa miradi ya vijana na familia. Wengi wenu mmefika Grand Rapids kutoka Kongo, wengine mkipitia kambi za Tanzania na Uganda, na vikundi vyenu vya kwaya, mpira na masomo ya jioni mnaviendesha kwa kuchangishana. Kwa hiyo nitasema yanayowahusu.

Jimbo hili lina wakfu kongwe na tajiri. Mwenye kiwanda cha nafaka za asubuhi, W.K. Kellogg, alianzisha wake mwaka 1930 pale Battle Creek, na 1934 akaukabidhi hisa na vitega uchumi vingine vya zaidi ya dola milioni 66. Flint kuna wakfu wa Charles Stewart Mott, wa mwaka 1926, fedha zilizotokana na viwanda vya magari. Mwaka 1935 mwalimu wa michezo, Frank Manley, alimshawishi Mott kwamba shule zisifungwe kengele ya mwisho ikilia, watoto wapate pa kuchezea. Mott akatoa dola 6,000, zikafunguliwa shule tano. Kazi ya kuwatunza watoto baada ya masomo haikukoma hapo. Wakfu huo unaigharimia hadi leo.

Hawatoi kwa huruma peke yake. Sheria ya kodi inaudai wakfu binafsi utoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali yake. Mwenye milioni 100 lazima atoe kama milioni 5, apende asipende, ingawa gharama halali za ofisi nazo huhesabiwa humo. Basi msiende kwao mkiwa mmeinamisha kichwa. Fedha hizo zina lazima ya kutoka; swali ni zitoke kwenda kwa nani.

Jibu lake liko wazi kwa kila mtu, na hapa nataka tukae kidogo. Kila wakfu binafsi hujaza fomu iitwayo 990-PF, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, bure, mtandaoni. Mnaoijua kodi yenu ya mwaka msitishwe na urefu wake. Rukeni mahesabu, nendeni mwisho mwisho. Mtakuta orodha ya waliopewa: jina, anwani, kusudi, kiasi. Mkiona wakfu umetoa mara nyingi 5,000 kwa kambi za majira ya joto, msiombe 80,000 za kununua jengo. Halafu tafuteni kisanduku kidogo kinachosema wakfu huu hutoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe tu, haupokei maombi. Kikiwa na alama, funga, tafuta mwingine. Watu wanakesha wakiandika andiko la kurasa ishirini, na kisanduku kimetiwa alama siku nyingi!

Kuna sharti jingine linalokwamisha vikundi vyetu: wakfu nyingi hazitoi ila kwa shirika lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani lililotambuliwa na sheria ya kodi kuwa la hisani, lisilolipa kodi ya mapato. Msipokuwa nayo, tafuteni shirika au kanisa lenye hadhi hiyo likubali kupokea fedha kwa niaba yenu na kuzisimamia. Mkataba uandikwe, asilimia watakayokata ijulikane mapema. Undugu wa ibada hautoshi hapo.

Sasa vijana, sogeeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakfu wa Kellogg ulitaka kila kona ya Michigan iwe na wakfu wa jamii, yaani ule unaokusanya michango ya wenyeji wengi, si mali ya familia moja. Ukaahidi kuongezea fedha zilizochangwa, kwa sharti kwamba sehemu iwe mfuko wa kudumu wa vijana, na vijana wenyewe wakae kwenye baraza la kushauri zigawiwe vipi. Mabaraza hayo yapo mpaka leo, kaunti hata kaunti. Mwanafunzi wa sekondari anasoma maombi, anauliza maswali, anapiga kura.

Mimi ningeanzia hapo kabla ya kubisha hodi kwa Kellogg, Battle Creek. Ruzuku za mabaraza hayo ni ndogo, lakini mtoto wenu akikaa upande wa wanaotoa, atajifunza namna andiko linavyosomwa na kwa nini moja hupita na jingine huachwa. Elimu hiyo sijaiona ikifundishwa kwenye semina yoyote, hata hizi zangu.

Wazazi wenye watoto wachanga wataniuliza Flint wanafanya nini. Tangu Januari 2024, kwa mradi uitwao Rx Kids, mjamzito hupewa dola 1,500, kisha 500 kila mwezi mwaka wa kwanza wa mtoto, bila kuulizwa kipato. Fedha za wakfu wa Mott ziliungana na za serikali. Mradi umeshafika na Kalamazoo, jirani zetu.

Haya, naomba taa zipunguzwe. Nimeweka fomu moja ya 990-PF ukutani. Nani ataniambia kile kisanduku kiko wapi?