Gari ya kila siku, ishike njia bila kubadilika sura

Assalaam alaykum jamani. Ahsanteni kuja, naona hata waliotoka Wete na Mkoani wapo, na mnajua wenyewe njia mliyopita mpaka kufika hapa Chake, kilima, mteremko, kona, kona tena. Ndo maana mada hii ya gari kushika njia nataka kuisemea hapa Pemba, kwa sababu Unguja ukitoka Tunguu kwenda Paje sehemu kubwa unakwenda nyoofu tu, lakini sie huku usukani haupumziki.

Kijana anakuja gereji na Toyota yake ndogo, IST au Vitz, ananambia fundi nataka kuitengeneza gari, nikimuuliza vipi anatoa simu ananionyesha picha, gari imelala chini, rimu za 17, tairi zimetoka nje ya bodi. Namwambia mwanangu, unataka gari ya kupiga picha au unataka gari ukiingia kona na mama yako kakaa nyuma asishikilie mlango? Hivo ni vitu viwili mbali mbali kabisa. Mie leo nasema hiki cha pili, gari ile ile ya kupeleka watoto skuli na kubebea karafuu msimu ukifika, mtu akiiona njiani aone IST tu, lakini aliyeshika usukani ajue ameshika kitu.

Sasa skilizeni, hizi gari zilipotoka kiwandani zilikuwa zinashika njia vizuri sana. IST ilianza kutoka 2002, kwa hiyo nyingi tunazoendesha zimekaribia miaka 20 au zishapita, na chuma hakina tabu, kinachochoka ni mpira. Hebu pitishianeni hii. Hii ni bushi, mpira wenye bomba la chuma ndani, ya mkono wa chini wa mbele, ile chuma inayoshika tairi na bodi, nimeitoa juzi kwenye Vitz. Ukiitazama hivo unasema nzima. Sasa tia bisibisi pale kati uisukume kidogo, mmeona huo ufa? Umezunguka karibu nusu duara, mpira ushaachana na chuma. Basi dereva akikanyaga breki karibu na kona, tairi linarudi nyuma kidogo peke yake, akiachia linarudi mbele, usukani hajaugeuza lakini gari ishageuka. Anasema gari inayumba, anaambiwa nunua tairi, ananunua nne mpya, bado inayumba.

Na hapa nawaomba sana mafundi wenzangu. Ukifunga bushi mpya usikaze ile bolti kubwa mguu, yaani upande ule wa tairi, ukiwa unaning'inia kwenye jeki. Ule mpira umeshikana na bomba lake la ndani, ukikaza mguu unaning'inia halafu ukashusha gari, mpira unabaki umejipinda muda wote, na kila shimo linaupinda zaidi, haumalizi muda umechanika na mteja anasema umempa spea feki. Tia bolti kwa mkono, shusha gari ikae kwa uzito wake kwenye tairi au kwenye mbao imara, halafu ndo ukaze. Dakika kumi za ziada tu jamani!

Shokapu, kile kinachozuia gari isirukeruke. Wengi mnapima kwa kubonyeza bampa, sawa, lakini shokapu inaweza kupita mtihani huo na bado imekufa. Itazame kama inavuja mafuta, na upitishe kiganja juu ya tairi, ukisikia inaliwa mabakamabaka, mlima na bonde, basi tairi linarukaruka na halikai chini. Na tairi lisilokaa chini halina breki wala kona. Badilisha mbili mbili, mbele zote au nyuma zote. Mie niliwahi kununua seti ya bei rahisi, sitasema duka gani, haikumaliza msimu wa masika ishamwaga mafuta, nikalipa mara mbili na watoto nishawapandisha kwenye gari ile mvua inanyesha. Bado inaniuma. Toka siku hiyo nangojea mpaka pesa itimie ninunue KYB ya Japani, ngumu kidogo kuliko ya kiwandani inatosha, springi unaacha zile zile.

Springi usikate! Wallahi hili nalisema kwa uchungu. Mtu anakata raundi moja kwa gesi, moto unaharibu chuma pale ulipopita, springi inabaki fupi, gari ikipanda jeki au ikiruka shimo springi inalegea kwenye kikombe chake na inaweza kukaa upande. Na shokapu inagonga mwisho kila tuta. Gari iliyokaa juu ya vizuizi vyake, pale shokapu inapogonga mwisho, haishiki kona, inaruka kona.

Kama mtu anadhani gari ndogo ya kawaida haiwezi, aitazame Mini ya Uingereza, ilitoka 1959, injini cc 848, rimu inchi 10, gari ya mtu kwendea sokoni. John Cooper, mtu wa magari ya mashindano, akaona hii kitu inashika kona vizuri mno, maana tairi zimewekwa pembeni kabisa na bodi iko chini. Injini ikaongezwa nguvu, mbele zikatiwa breki za diski, ikatoka Mini Cooper 1961, na 1964 ikashinda mashindano ya magari ya Monte Carlo Rally, mbele ya gari zenye injini kubwa mara kadhaa. Na ukiitazama, Mini.

Tairi sasa. Kama IST yako inavaa 185/65R15, hiyo 185 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, 15 ni rimu. Ukitia 195/60R15 kwenye rimu zako zile zile, tairi linaongezeka upana, ubavu unapungua milimita 3 tu hivi, haujipindi sana, na hakuna atakayejua. Lakini tazama tarehe kwanza, zile namba nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri, ile michoro yake, lakini limekauka, mvua ya kwanza likikuta lami ina vumbi na mafuta utaona mwenyewe. Upepo ujaze kama ilivoandikwa kwenye mlango wa dereva, tairi likiwa baridi, usimwachie kijana wa pampu akaamua yeye.

Lile bomba la kuunganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti mnaniuliza sana, kwa gari zetu hizi naona faida yake ndogo, pesa hiyo tia kwenye tairodi na boljointi, vile viungo vya usukani na vya mguu wa mbele. Na ukimaliza yote nenda alaimenti, kunyoosha tairi zikae sawa, kila ukifungua mguu wa mbele nenda alaimenti.

Haya, Magharibi bado kidogo, nimeleta jeki na stendi mbili, aliyekuja na Vitz ya bluu pale nje naomba ufunguo, tuinyanyue mguu wa kushoto muisikie bushi yake kwa mikono yenu.