Kamba Ina Ncha Mbili

Mbukwenyi! Wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili la saa nane.

Nimekuja na kamba. Ni ya katani, nimeinunua asubuhi hapo Majengo sokoni. Tukizungumza habari za kufungwa, huwa tunatazama ncha moja tu, ile iliyo shingoni mwa mnyama. Leo naomba tuitazame hii nyingine, iliyo mkononi.

Nilikuwa na miaka tisa babu aliponikabidhi punda wa kuchotea maji korongoni. Kabla ya kunipa kamba alinishika kiganja. "Mjukuu wangu, usijizungushie kamba mkononi. Ikunje, uishike ngumini." Mimi nikaona kukunja si kushika. Alipogeuka tu, nikaizungusha mara tatu, ikakaza, nikajiona mwanamume. Likapita lori, punda akashtuka. Kuanguka sikumbuki. Nakumbuka changarawe, na kamba inazidi kubana kila punda anapovuta. Nilitaka kuachia, lakini haikuwezekana. Aliyefungwa nilikuwa mimi. Kovu hili hapa, chini ya kidole cha mwisho.

Baba anayepekua simu ya binti yake kila usiku, mimi humwuliza: kati yenu wawili, nani hapati usingizi?

Kiswahili kina neno hatamu. Ni kamba za kumwongozea farasi, zimeungana na lijamu iliyo mdomoni mwake. Farasi hapa kwetu ni nadra, lakini neno tunalijua: Chama kushika hatamu. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa, chama, wakati huo TANU, kikapewa ukuu juu ya vyombo vyote vya nchi, na mwaka 1977 CCM ikaurithi ukuu huo. Mimi neno hili nalipenda, ndiyo maana nalidai kwa maana yake kamili. Hatamu si mnyororo. Mpanda farasi hodari huishika kwa vidole. Akiivuta muda wote, mdomo wa farasi unakufa ganzi, na siku ya hatari hata avute vipi, farasi hasikii.

Mwaka 1984 Katiba ikaweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Hiyo ni kamba aliyofungwa mshikaji mwenyewe. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akaacha urais, akatuachia na neno kutoka kwao Uzanaki: kung'atuka. Kisha ikaja Tume ya Jaji Francis Nyalali, 1991, kuwauliza wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Ilikuta wananchi walio wengi, karibu asilimia 80, bado wanataka chama kimoja. Hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, na 1992 vikaruhusiwa. Hapo mshikaji alilegeza kamba kabla hajaburuzwa. Ndugu zangu, hilo si jambo dogo.

Lakini kuna kufunga kusiko na hatamu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapahapa Ugogo. Watumwa walivishwa kongwa: mti wenye panda, shingo inaingizwa kwenye panda, inafungwa. Kamba hulegea, mti haulegei. Mwenye kamba anahisi mnyama akichoka, akisita, akiogopa, kwa sababu vyote vinamfikia kiganjani. Mwenye kongwa hahisi kitu. Ndiyo maana siwezi kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja, hata kama vyote vinakaa shingoni.

Na jina hilo la kongwa, kwa matamshi hayo hayo, ni la wilaya yetu hapo mashariki. Huko Kongwa, mwaka 1964, tuliwapa wapigania uhuru kambi: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, alifundisha wapiganaji pale. Watu waliokuwa na mti shingoni walikuja Kongwa kujifunza kuuvua. Kila nikipita njia ile, nasimamisha gari.

Kijana wa mbele, wewe mwenye shati la bluu, njoo uishike ncha hii. Karibu. Hapana mwanangu, hapo umeizungusha. Ifungue. Ikunje. Enhe, hivyo.