Mama anayeingia kulala mapema: ukimya katika riwaya za Colm Tóibín

Ndugu zangu, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja. Nitaanza na mama mmoja anayeingia kulala mapema.

Tuko kurasa za mwisho za Brooklyn, riwaya ya Colm Tóibín iliyotoka mwaka 2009. Eilis Lacey amerudi Enniscorthy, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Ireland, kutoka Marekani. Dada yake Rose amefariki, mama amebaki peke yake. Wiki zimepita. Kazi ya ofisini imepatikana, Jim Farrell, kijana wa familia yenye baa, anamtaka, na mama ameanza kuamini kwamba binti yake haondoki tena. Ndipo Eilis anapomwambia kwamba huko Brooklyn, jijini New York, ameshaolewa, kwa siri, na kesho anarudi kwa mumewe.

Niliposoma mara ya kwanza nilisubiri kilio. Mama anauliza maswali machache kuhusu huyo mume. Anasema kwamba kama ameolewa, mahali pake ni kwa mumewe. Kisha anamuaga pale pale, usiku ule, ili asubuhi wasiagane tena, na anaingia chumbani kwake. Basi. Nimeisoma sehemu hiyo miaka mingi, na bado nikifika hapo naweka kitabu chini.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: katika riwaya za Tóibín watu hupendana kwa kunyamaza, na kwa kunyamaza huko huko huumizana. Wapo wanaomwita mwandishi baridi. Nadhani wamesoma maneno yaliyoandikwa, wakayapita yaliyoachwa.

Jina lake husomwa "Kolam Tobiin". Alizaliwa Enniscorthy penyewe mwaka 1955. Baba yake, mwalimu, alifariki yeye akiwa na miaka 12. Baba alipokuwa mgonjwa, Colm na mdogo wake walipelekwa kukaa kwa ndugu kwa miezi kadhaa, na mtoto akapata kigugumizi. Nisingeyataja mambo ya ndani ya nyumba ya mtu kama mwenyewe hakuyaeleza hadharani, tena akayajengea kitabu ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote alivyoandika: Nora Webster, cha mwaka 2014, kilichomchukua zaidi ya miaka kumi.

Nora ni mjane wa miaka ya mwisho ya 1960. Kitabu kinafunguka kwa mlango unaogongwa: kila jioni majirani wanakuja kutoa pole, na Nora amechoka nao. Sisi tuliokulia kwenye matanga twaujua uchovu huo, ingawa si rahisi kuusema. Mmoja wa wanaogonga ni May Lacey, mama yake Eilis, yule yule anayeingia kulala mapema. Mji ni mmoja. Mtu aliyepita pembeni katika riwaya hii ni mwenye nyumba katika riwaya ile.

Mumewe Nora alipokuwa anakufa, Nora aliwaacha wanawe wawili, Donal na Conor, kwa mzee Josie, ndugu yake. Hakwenda kuwaona. Aliona mahali pake ni kando ya kitanda cha mumewe. Waliporudi nyumbani Donal alikuwa na kigugumizi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Josie ndiye anayemwambia baadaye jinsi watoto walivyoteseka wakimngoja. Tóibín hamhukumu Nora, wala hamtetei. Anatukalisha karibu naye tu, ndani ya kichwa chake, tukiona anachokiona na kukosa anachokikosa. Donal anapata kamera, na mwaka 1969, watu wakitua mwezini, anaipiga picha televisheni. Mtoto ambaye maneno yamemkatalia ametafuta njia nyingine ya kushika kitu kisimponyoke. Mwandishi halielezi hilo. Nalieleza mimi, na pengine nakosea kulieleza.

Nirudi Brooklyn. Miaka ya 1950, katika nchi isiyofika watu milioni 3, walioondoka wanakadiriwa kukaribia 400,000. Kaka zake Eilis wote watatu wako Birmingham, Uingereza, wakitafuta riziki. Rose, dada mkubwa, ana kazi nzuri kiwandani na anapenda gofu. Yeye ndiye anayepanga na Padri Flood, padri wa Kiayalandi aliyeko Brooklyn, ili mdogo wake apate nafasi ya kwenda Marekani, na kwa kufanya hivyo anajifungia mlango wa kuondoka mwenyewe, maana lazima mmoja abaki na mama. Hakuna kikao kinachoitishwa. Hakuna anayesema "najitolea". Rose anajua pia kwamba moyo wake ni mgonjwa, na hilo nalo hamwambii mtu nyumbani.

Kule Brooklyn, Eilis anauza dukani, anasoma uhasibu jioni, na hamu ya kwao inamlaza kitandani kama homa. Angalieni barua zake sasa. Za mama zinakwenda nyumbani, za Rose zinakwenda ofisini, ili wawili hao waweze kuambiana yasiyomfaa mama. Na bado, hata kwa Rose, yale mazito hayaandikwi. Yeyote aliyewahi kupiga simu nyumbani kutoka ughaibuni na kusema "mimi mzima, hofu kwenu tu," anazijua barua hizo.

Ipo sehemu moja ambapo ukimya unapasuka. Ni Krismasi, ukumbi wa parokia. Padri Flood anawalisha wazee wa Kiayalandi waliochimba mahandaki na kujenga madaraja na barabara za jiji lile, ambao sasa hawana mtu. Mzee mmoja Eilis anamwona akadhani ni marehemu baba yake. Baada ya chakula, mzee huyo huyo anasimama na kuimba kwa Kiayalandi, lugha ya asili ya nchi yao, na ukumbi mzima unatulia. Watu ambao wasingeweza kusema "nimepotea" wanaimbiwa.

Riwaya zake The Master, kuhusu mwandishi Henry James, na The Magician, kuhusu mwandishi Thomas Mann, nazipita haraka. Naziheshimu, lakini moyo wangu hubaki pwani ya Wexford, jimbo ulimo mji wa Enniscorthy. Huko ndiko iliko The Heather Blazing ya mwaka 1992, juu ya Eamon Redmond, jaji wa Mahakama Kuu. Kila likizo ya kiangazi anakwenda Cush, ambako bahari inakula mwamba na nyumba za jirani zinaanguka kipande kwa kipande. Mahakamani maneno yake yanaamua maisha ya watu. Nyumbani, mkewe Carmel ameishi naye miaka mingi akilalamika kwamba hamfikii.

Long Island, ya mwaka 2024, inamrudisha Eilis baada ya miaka ishirini na zaidi. Mwanamume asiyemjua anagonga mlango: mumewe Tony, fundi bomba, amempa mimba mke wa huyo mgeni, na mtoto akizaliwa ataletwa hapo hapo mlangoni. Eilis anakwenda Enniscorthy, ambako Jim Farrell amemchumbia kwa siri Nancy, rafiki yake Eilis. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mji ule kata ni nyingi. Kila mmoja ananyamaza kwa nia njema, hadi nia njema zinagongana.

Ukurasa ule wa mama nimejaribu kuutafsiri. Mara ya kwanza niliandika kwamba aliingia chumbani "kwa uchungu". Nikalifuta neno hilo. Wiki iliyofuata nikalirudisha, nikalifuta tena. Jana usiku niliusoma kwa sauti bila neno hilo, na hivyo ndivyo nitakavyowasomea sasa.